Ndama Mwekundu wa Usagara

Umeme ulikatika saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, damu ya watu wanne ikiwa imeshapangwa kwenye mashine. Venant, fundi wa maabara, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akasema basi tena, mpaka Jumatatu. Alikuwa Mkerewe wa miaka hamsini na ushee, mtu mpole aliyezoea kuona mambo yakikwama, na mwaka ule wa 1994 mambo yalikwama kweli kweli. Mgao wa umeme mjini Mwanza haukuwa na ratiba wala haya.

"Jumatatu gani, mzee Venant?" Daktari Prudencia Lwakatare alikuwa ameshasimama. "Kikao ni keshokutwa. Jumatatu yule bibi atakuwa ameshafukuzwa, kama hajazikwa."

Akaanza kukusanya chupa na kuzipanga kwenye boksi la barafu. Venant alimwangalia, akavaa miwani yake, akaanza kufungua nyaya za mashine. Alikuwa amefanya naye kazi mwaka mzima na alishajua kwamba kubishana na mama huyu ni kujichosha bure.

Tuseme ukweli, Prudencia hakuwa mtu wa kutulia. Alizaliwa Kagera, nyumbani kwa mwalimu wa shule ya Kilutheri, katikati ya migomba na mibuni, na tangu utotoni alikuwa na swali moja lililowachosha watu: kwa nini huyu amefanana na yule? Siku moja alimuuliza shangazi yake, mbele ya wageni, kwa nini mtoto wake wa pili ana masikio kama ya mwinjilisti. Alichapwa, lakini swali halikumtoka. Alikwenda nalo Dar es Salaam kusomea udaktari, akaenda nalo Ulaya miaka sita kusomea jinsi magonjwa yanavyopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, na huko ndiko swali lilikogeuka kuwa kazi. Alirudi na sanduku moja la nguo na masanduku manne ya vifaa. Alikataa nafasi aliyopewa Dar, akaja Mwanza, kwa sababu ramani aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe ilimwonyesha kwamba watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, walikuwa huku, kando ya Ziwa Victoria.

Kanda ya Ziwa nzima hakukuwa na daktari mwingine wa namna yake. Habari zilipoenea kwamba amekuja daktari wa mambo ya urithi, wagonjwa wake wa kwanza walikuwa ndugu wawili kutoka Mkuyuni waliokuwa wakigombania shamba la marehemu baba yao. Prudencia aliwasikiliza, akawapa chai, akawatoa damu.

Sasa huyo bibi na kikao chake. Wiki mbili nyuma, mwanamke mmoja kijana aitwaye Gladness alikuja kutoka Usagara amembeba mwanawe Jonathan, mwenye miaka minne. Vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba, macho ya njano, na kilio chake kilikuwa kile cha mtu aliyekwisha kuchoka kulia. Venant aliweka tone la damu yake chini ya hadubini, akamwita daktari kwa mkono. Chembe zilikuwa zimepinda kama mundu. Prudencia alimuuliza mama kama huyo ndiye mtoto wake wa kwanza.

"Ni wa nne," alisema Gladness. "Watatu walitangulia, kwa maumivu hayahaya." Kisha akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Wanasema ni mama mkwe wangu. Wameshamwita mganga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakaa."

Nani asiyejua maana ya maneno hayo kwa mwanamke mzee wa Usukumani miaka ile? Wengine walifukuzwa wakaishia kuomba sokoni. Wengine hawakupewa hata nafasi ya kufukuzwa.

Kesho yake bibi mwenyewe akatokea maabara, peke yake, kanga mbili na kandambili, bila kumuaga mtu nyumbani. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliopikia maisha yake yote, na macho hayo peke yake yalitosha kumfanya aitwe mchawi. Kwao walimwita Ng'wana Luhaga, yaani binti Luhaga.

"Shikamoo mama," alisema Prudencia.

"Marahaba. Wewe ndiye daktali wa damu?" Alikunja kanga, akanyoosha mkono juu ya meza. "Nipime na mimi. Kama kuna kitu ndani yangu kinachokula wajukuu zangu, nataka kukijua kabla yao. Lakini uniahidi. Utakachokiona utakisema mbele ya watu, kiwe kizuri kiwe kibaya. Nimechoka kusemwa mgongoni."

Prudencia aliahidi. Alikuwa na haraka ya sindano, na ahadi ile aliitoa kama mtu anayeitikia hodi.

Machibya, mume wa Gladness na mtoto pekee wa kiume wa bibi yule, alikuja siku ya tatu kumchukua mkewe aliyekuwa wodini na mtoto, amefura kwa hasira. Alikuwa mfugaji na mchuuzi wa ng'ombe, kifua kipana, kofia ya pama, na alisema damu yake haina shida na hampi mtu. Venant alimuuliza kwa upole kabisa kama ni kweli kwamba Wasukuma huwachoma ng'ombe sindano mchana na wao wenyewe hukimbia sindano usiku na mchana. Machibya alikunja shati mpaka begani.

Basi hizo ndizo damu nne zilizokuwa kwenye boksi la barafu Alhamisi ile, ndani ya pikapu ya hospitali, zikielekea Ilemela kwa mwendo ambao Venant aliufumbia macho.

Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga, kila kimoja na jenereta lake. Ndege za mizigo zilikuja kuchukua minofu, na moja ya ndege hizo ndiyo iliyokuwa ikimletea Prudencia dawa zake za maabara, kwa hisani ya rubani aliyependa kahawa ya Bukoba. Katika kimojawapo cha viwanda hivyo msimamizi wa zamu aliitwa Jovinary, mtu wa Kagera. Prudencia alimsalimu kwa Kihaya, akamuulizia wazazi, akamuulizia migomba, kisha akamwambia anataka meza na umeme kwa saa mbili.

"Umeme wa samaki?" Jovinary alishangaa.

"Umeme hauna harufu, kaka."

Walipewa chumba cha kupimia minofu, ukutani vigae vyeupe, nje ya kioo wafanyakazi wa buti nyeupe wakipasua sangara wenye urefu wa mtoto wa shule. Venant alipaka damu upya kwenye kanda nyembamba nyeupe, akazilaza kwenye mashine, Prudencia akawasha. Umeme huvuta damu kwenye ukanda, na kila aina ya damu hukimbia kwa mwendo wake. Damu ya kawaida hutangulia, ya selimundu huchelewa, kwa hiyo mwisho wa safari unaona nani amefika wapi. Prudencia alishaona jambo hilo mara elfu, na bado hakuweza kutulia. Alizunguka meza. Alikwenda mlangoni, akarudi. Jovinary alimwambia akae, akakaa, akasimama.

Walipozamisha kanda kwenye rangi nyekundu na kuzisuuza, mistari ilianza kujitokeza. Jonathan mstari mmoja, pale pa nyuma. Gladness mistari miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Machibya miwili.

"Tazama, mzee Venant! Wote wawili wamebeba. Kila mmoja ana nusu, mtoto amepata nusu zote mbili. Hakuna mtu aliyefanya kitu hapa. Hakuna!" Alimkumbatia Jovinary, ambaye alinukia samaki, na hakujali.

Venant hakushangilia. Alikuwa ameinua ukanda wa nne kwenye mwanga. Ulikuwa wa bibi, na ulikuwa na mistari miwili.

"Daktari," alisema taratibu, "ukienda kuwaambia ugonjwa umetoka kwenye damu, watauliza damu ya nani. Na wewe utawajibu ni ya huyu bibi. Kuna haja gani ya mganga tena?"

Furaha ilimtoka Prudencia. Alikuwa amekimbia mji mzima kutafuta ushahidi wa kumwokoa bibi yule, na ushahidi wenyewe ulikuwa umekaa upande wa washtaki.

"Huu tuuache hapa," Venant aliendelea. "Waambie umeharibika. Nani atajua?"

"Yeye atajua. Nilimwahidi."

Ijumaa nzima hakula vizuri. Aliandika maelezo kwenye karatasi, akazichana, akaandika mengine. Jumamosi asubuhi alipanda pikapu na Venant, kanda nne ndani ya bahasha, na wakashika barabara ya Usagara.

Ukoo ulikuwa umekaa uani kwa Machibya, wanaume kwenye viti na magogo, wanawake kwenye mikeka, watu wasiopungua arobaini. Katikati alikaa Shimba, mdogo wa marehemu mume wa bibi, na ndiye aliyeongoza kikao. Pembeni yake mganga alikuwa amemshika kuku mweupe kwapani, tayari kumpasua na kusoma matumbo yake. Ng'wana Luhaga alikaa peke yake kwenye kigoda, na kati yake na mtu wa karibu palikuwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni. Gladness alikuwa kwenye mkeka wa mbali, Jonathan mapajani.

"Mwangaluka," Prudencia alisalimia, na Kisukuma chake cha salamu moja kikawafanya wacheke kidogo.

Shimba alimpa nafasi kwa sababu Machibya aliomba. Alisema mgeni aseme, kisha kuku naye aseme.

Hapo ndipo msomi wetu alipoharibu. Alianza vizuri, akaonyesha kanda, akaeleza mistari. Kisha, akitaka kueleweka, akafanya kosa ambalo ni Mhaya tu angelifanya: akatoa mfano wa migomba. Akasema mgomba mama huzaa machipukizi, na chipukizi hubeba kilichomo ndani ya mama yake hata kama hakionekani. Alisema kwa hamu, mikono ikipaa hewani, na alikuwa ameshafika mbali alipoona nyuso za watu.

"Daktari," alisema Machibya, "samahani dada yangu. Mgomba huo baba yake ni nani?"

Watu wakacheka. Prudencia alishusha mikono. Mgomba hauna baba. Chipukizi ni mama yuleyule tena, hakuna nusu na nusu, hakuna chochote. Miaka sita ya Ulaya, na mbele ya watu arobaini alikuwa amefundisha kinyume cha somo lake, na mbaya zaidi, alikuwa ameweka mzigo wote kwa mama. Shimba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokitaka.

"Sikiliza nikuulize vizuri," Machibya aliendelea, na sasa hakuwa anatania. "Mimi mzima. Mke wangu mzima. Baba yangu alikufa mzee, hakuwahi kuvimba hata kidole. Mama yangu huyo hapo, analima. Sisi sote hatuna ugonjwa huu. Mtoto ameutoa wapi, kama hakutumiwa?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali lenyewe hasa, lile alilozaliwa nalo, na Prudencia aliona aibu kwamba hana jibu la watu hawa. Aligeuza macho kutafuta neno, na macho yakaangukia zizi nyuma ya magogo. Ng'ombe walikuwa hawajapelekwa malishoni kwa ajili ya kikao. Weusi, weusi, weusi tii, na katikati yao ndama mmoja mwekundu ananyonya chini ya mama mweusi.

"Yule ndama ni wa yule ng'ombe?" aliuliza.

"Ni wake."

"Na fahali ni yupi?"

Machibya alimwonyesha kwa kidevu. Fahali alikuwa mweusi kuliko wote.

"Weusi wawili wamezaa mwekundu. Imekuwaje?"

Machibya alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa na mtu mzima kwa nini maji yanalowesha. "Sasa hilo nalo la kuuliza? Bibi yake huyo ndama alikuwa mwekundu. Alikuja kwa mahari ya dada yangu, kutoka Misungwi. Akazaa mweusi, lakini wekundu haukufa, mweusi aliuficha tu tumboni."

"Kwa hiyo umetoka kwa mama peke yake?"

"Hapana! Mama akiuficha peke yake huuoni. Lazima fahali naye awe ameuficha. Wakikutana wote wawili wenye kuficha, hapo ndipo unatoka, tena si kila mara. Wanazaa weusi wawili watatu, halafu siku moja huyo hapo, mwekundu. Kila mchunga ng'ombe anajua hivyo."

"Na alipozaliwa," Prudencia aliuliza, kwa furaha ambayo hakuweza kuizuia, "mlimwita mganga awaambie ni nani aliyemloga ndama?"

Mtu mmoja alianza kucheka nyuma, kisha akaacha. Machibya alikuwa bado amenyoosha kidevu kuelekea zizini. Prudencia aliona jambo likimfika, likiingia polepole, likamkaa. Alivua kofia.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa profesa, wanafunzi walimuuliza somo gani lilimfundisha kufundisha. Aliwaambia ni lile alilofundishwa na mchuuzi wa ng'ombe. Walidhani anatania.

"Mimi," alisema Machibya. "Mimi ndiye fahali."

"Wewe na mkeo, wote mmeficha. Hakuna aliyekosa. Tazama mistari yako, tazama yake." Alimpa kanda mbili, na Machibya alizishika kwa vidole vya mtu anayeogopa kuvunja kitu.

Lakini Shimba hakuwa mjinga, na ndiye aliyeuliza kile Venant alichokitabiri. "Vizuri. Tumeelewa. Basi na yeye Machibya amefichiwa na mtu. Nani?"

Prudencia alimtazama Ng'wana Luhaga. Moyoni alimwomba amtoe kwenye ahadi, kwa kichwa tu, kwa jicho. Bibi alikaa wima.

"Sema, daktali."

"Ni yeye," alisema Prudencia. "Mama yake."

Minong'ono ilipita uani. Shimba aliinuka. Alikuwa ametulia kabisa, na utulivu ule ulitisha kuliko kelele. "Mmesikia kwa masikio yenu, na si mimi niliyesema. Sasa niwakumbushe na lingine. Machibya alipokuwa na miaka mitatu, masika yale makubwa, kaka yangu alikuwa na wake wawili. Watoto wa mke mkubwa walikufa wanne, mwezi mmoja, kwa degedege. Mtoto wa huyu alipata homa ileile, siku ya tatu akaamka akaomba maziwa. Nyumba moja, mbu walewale. Kwa nini wa mwenzake wafe wote na wa kwake asiguswe? Miaka thelathini nauliza. Daktari anijibu hilo, au amwache kuku ajibu."

Watu walimgeukia Prudencia wakitegemea kumwona ameishiwa. Wakamwona anaruka. Aliruka kweli, akakanyaga mkeka wa watu, akampiga Venant begani.

"Ni damu ileile! Baba, ni damu ileile!" Alimwita Shimba baba bila kujua. "Mdudu wa malaria anaishi ndani ya chembe za damu. Anaingia, anakula, anazaana. Akiingia kwenye damu ya mtu aliyebeba nusu, kama Machibya, chembe inajikunja, inakufa naye ndani kabla hajazaana sana. Mtoto anapata homa, lakini mara nyingi haimuui. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa masika yale, sikuwepo. Ila ndiyo sababu damu hii imejaa huku kwetu ziwani, penye mbu. Waliokuwa nayo nusu walibaki hai, wakazaa. Mama huyu hakuwaua watoto wa mwenzake. Alimpa wa kwake kinga akiwa tumboni, bila kujua kama anayo."

Shimba alibaki amesimama. Mwanamke mmoja mzee kwenye mkeka alianza kulia kwa sauti ya chini. Prudencia hakuhitaji kuambiwa kwamba huyo ndiye mke mkubwa.

Ng'wana Luhaga hakumtazama daktari. Alimtazama mwanawe.

"Kumbe nilikupa uhai," alisema, "na kitu hichohicho kikawaua wanao."

"Na changu kimo humohumo, mama," alisema Machibya. Alivuka ile nafasi ya mkokoteni, akakaa chini mbele ya kigoda cha mama yake, pama mkononi, mwanaume mzima mbele ya ukoo wake.

Mganga alikuwa mtu wa kazi na alijua kusoma kikao kuliko matumbo. Alimweka kuku chini, akamuuliza Venant kwa sauti ndogo kama mashine ile inahitaji umeme mwingi.

Shimba hakuomba radhi. Watu wa namna yake hawaombi. Alikaa, akasema kikao kimekwisha na wageni wapewe chakula. Lakini kabla watu hawajatawanyika Gladness alisimama, Jonathan kiunoni, na kuuliza lililokuwa moyoni mwake.

"Daktari. Na huyu je?" Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya tumbo. Alikuwa na miezi minne.

Prudencia alisema ukweli, maana siku ile hakuwa na kitu kingine. Katika watoto wanne, mmoja huweza kupata nusu zote mbili, wawili wakabeba kama wazazi, mmoja akakosa kabisa. Lakini ni bahati, na bahati haikumbuki waliotangulia. "Siwezi kujua leo. Naweza kujua siku atakapozaliwa, kabla hajalia kwa maumivu hata mara moja. Tukijua mapema tutampa dawa mapema, na wengi wanaishi. Hilo halijafanyika bado huku kwetu. Ninachohitaji ni damu ya kitovu, chupa ndogo, siku hiyohiyo."

Wanawake walitazamana. Damu ya kitovu haipewi mtu. Hufukiwa haraka, mahali pasipojulikana, isije ikaangukia mkono mbaya. Gladness alipokea chupa na kifuniko chake, akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kwenye mkeka wake.

Miezi mitano Prudencia alihangaika. Watu kumi na tisa wa ukoo ule walikuja kupimwa, Jonathan alianza dawa na akanenepa kidogo, na majina yakajaa daftari la kwanza la maabara. Kuhusu ile chupa hakuna aliyemwambia neno. Venant alimshauri asahau.

Asubuhi moja ya Novemba, saa tatu, aligeuka kutoka kwenye meza yake akamwona Ng'wana Luhaga mlangoni. Kanga zake zilikuwa na vumbi la barabara. Mikononi alishika kopo la plastiki lililojaa barafu ya samaki iliyokwisha kuyeyuka nusu, na ndani ya barafu kulikuwa na chupa.

"Mtoto wa kiume," alisema. "Alfajiri. Pima."

Prudencia aliichukua kwa mikono miwili. Umeme ulikuwepo, na Venant alishawasha mashine kabla hajaambiwa. Damu ya mtoto mchanga ina ujanja wake, kwa hiyo waliipima kwa njia mbili, na kwa saa tatu bibi yule alikaa kwenye benchi la maabara bila kuomba hata maji.

"Nani alikupa uilete?" Prudencia alimuuliza, akisubiri rangi ishike. Alikuwa ameogopa kuuliza.

"Gladness. Wakunga walikataa, Shimba akasema aipeleke Machibya. Gladness akasema damu ya mwanawe haishikwi na mkono mwingine ila huu." Bibi alitazama mkono wake kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

Mistari ilitoka. Prudencia aliisoma, akampa Venant naye aisome, Venant akavua miwani na safari hii hakuwa anaifuta vumbi.

"Hana ugonjwa, mama. Amebeba nusu. Atakua, atacheza, na malaria itamwogopa."

"Amekuwa kama nani, basi?"

"Kama wewe."

Ng'wana Luhaga aliinuka kutoka kwenye benchi. Kisha akamwomba daktari alirudie neno hilo, na alipolirudia, akamwomba aliandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa sababu Usagara kulikuwa na watu wangetaka kulisoma wenyewe.